Majahazi ya Mezani: Kuunda Vyombo Vidogo vya Ziwa Nyasa

Mchezo wa vita wa mezani ni uigaji wa pambano la kihistoria unaofanyika juu ya meza kwa vyombo au askari wadogo wa kuchonga, rula na dadu, ambapo kila upande hupewa nguvu na udhaifu uliokuwa nao kweli, na kanuni zilizoandikwa ndizo zinazoamua chombo kitakwenda umbali gani na risasi itafika wapi. Chimbuko lake ni jeshini: Georg von Reisswitz, ofisa wa Prussia, alitoa kanuni za mchezo wa aina hiyo mwaka 1824 kwa ajili ya kuwafunza maofisa wenzake, Mwingereza Fred T. Jane akatunga wa meli za kivita mwaka 1898, na mwaka 1913 mwandishi wa riwaya H. G. Wells akaupeleka sebuleni kwa kitabu chake kidogo kuhusu vita vya kuchezea. Meli za matanga zina mashabiki wao wengi katika mchezo huu, lakini macho yao kwa kawaida huelekea pambano la Trafalgar la mwaka 1805, na modeli zinazouzwa madukani, yaani mifano midogo iliyopimwa, nyingi ni za manowari za Uingereza, Ufaransa na Hispania. Anayetaka kuiweka mezani historia ya maji ya mkoa wa Ruvuma hana budi kuchonga mwenyewe, na sura hii inaeleza namna ya kufanya kazi hiyo pamoja na maswali ambayo kazi hiyo humlazimisha mchongaji kuyajibu.

Ziwa Nyasa lina urefu unaozidi kilomita 550 na kina kinachofika mita 700 hivi, na ukingo wake wa Ruvuma, unaoanzia upande wa Lituhi na kupita Liuli na Mbamba Bay hadi Chiwindi mpakani mwa Msumbiji, ulihesabiwa ndani ya wilaya ya Mbinga hadi ilipoundwa wilaya ya Nyasa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kabla ya meli za mvuke, maji hayo yalipitiwa na mitumbwi ya magogo ya Wanyasa na, kuanzia karne ya 19, na majahazi yaliyoundwa ziwani humohumo chini ya wafanyabiashara waliotoka pwani. Maarufu kuliko wote alikuwa Salim bin Abdallah, aliyejiimarisha Nkhotakota, upande wa magharibi, katika miaka ya 1840, na ambaye yeye na warithi wake walijulikana kwa cheo cha Jumbe. Majahazi yake yalivusha pembe za ndovu na watu waliotekwa hadi ukingo wa mashariki, na kutoka hapo misafara ilitembea kwa miguu kwenda Kilwa. David Livingstone aliporudi ziwani mwaka 1861 alikuta chombo cha namna hiyo tayari kinafanya kazi, ilhali meli ya kwanza ya mvuke, Ilala, iliyobebwa vipande vipande kupita maporomoko ya mto Shire, haikuelea humo hadi mwaka 1875. Ina maana kwamba kwa miaka thelathini hivi tanga la pwani lilitawala ziwa lililo mamia ya kilomita kutoka baharini, na huo ni utajiri ambao mchezaji wa vyombo vya matanga hana sababu ya kuupita.

Uamuzi wa kwanza wa mchongaji ni skeli, yaani uwiano kati ya urefu wa modeli na urefu wa chombo chenyewe. Wachezaji wa mapambano makubwa ya baharini hupenda skeli ya 1:1200, ambapo meli ya mita 60 huwa na sentimita 5 na kundi zima la manowari hutosha mezani. Kwa Ziwa Nyasa skeli hiyo haifai, kwa sababu jahazi la mita 15 linakuwa na sentimita moja na robo tu, na hakuna mkono wala jicho linaloweza kulitofautisha na punje ya mpunga. Skeli ya 1:300 ni bora zaidi: jahazi hilo hilo linapata sentimita 5, na meli ya misioni ya Chauncy Maples, iliyokuwa na urefu wa mita 38, inapata karibu sentimita 13, ukubwa unaoruhusu kuonyesha dirisha na kamba. Hasara yake ni umbali. Risasi iliyopigwa kutoka kilomita mbili ingehitaji meza ya karibu mita 7, na kwa sababu hiyo wachezaji hutumia skeli mbili kwa wakati mmoja, moja ya vyombo na nyingine ya maji, wakikubaliana kwamba modeli ya 1:300 inasafiri juu ya ziwa lililopimwa kwa 1:3000. Huo ni uongo unaokubaliwa na wote waliozunguka meza, na kanuni nzuri huutaja waziwazi katika ukurasa wa kwanza.

Mwili wa jahazi huchongwa kwa mti mgumu wenye nyuzi za karibukaribu, usiopasuka unapofikia unene wa njiti ya kiberiti. Wakazi wa milima ya Mbinga wana mti huo mlangoni, maana mibuni hupogolewa na vishina vya zamani hukatwa ili machipukizi mapya yapate nafasi, na vishina hivyo, ambavyo kwa kawaida huishia jikoni kama kuni, vina mbao nyeupe, nzito, zinazoshika ncha kali ya kisu. Kishina kikaushwe kivulini polepole, ncha zake zikiwa zimepakwa gundi au nta ili kisipasuke, kisha kichongwe nyuzi zikielekea omo, yaani mbele ya chombo, kwa sababu omo ya jahazi ni ndefu, inalala mbele juu ya maji, na ikichongwa kinyume cha nyuzi itavunjika siku ya kwanza. Modeli za mchezo hukatwa kwenye mstari wa maji, kwa maana kwamba sehemu iliyozama haiundwi kabisa na chombo hukaa juu ya meza kama kilivyokaa juu ya ziwa; hivyo mkuku, ule mti mkuu wa chini unaobeba mataruma, hauhitajiki, na nguvu zote za mchongaji zielekezwe kwenye mkunjo wa ubavu unaoinuka kuelekea omo na tezi. Tezi, yaani nyuma, ndipo wengi wanapokosea. Jahazi lina tezi bapa iliyokatwa, dau lina ncha mbele na nyuma, na kuvichanganya ni kama kumpa nahodha chombo ambacho hakikuundwa popote.

Mlingoti wa jahazi hausimami wima kama wa meli ya Ulaya bali huegemea mbele, na juu yake huning'inia foromali, mti mrefu unaobeba tanga, ambao urefu wake mara nyingi unakaribia urefu wa chombo chenyewe na ambao kwa kawaida huungwa kwa miti miwili au zaidi iliyofungwa pamoja. Katika modeli, kijiti cha mishikaki kilichopunguzwa kwa msasa hutosha kuwa mlingoti, na kwa foromali ni vizuri kuunga vijiti viwili vyembamba kwa uzi, si kwa ajili ya uimara tu bali kwa sababu fundo hilo la katikati ndilo linalomjulisha mtazamaji kwamba aliyeunda alikiangalia chombo cha kweli. Jarari, kamba inayoinua foromali, na demani, kamba inayovuta pembe ya nyuma ya tanga, hutengenezwa kwa uzi mmoja wa nailoni uliochomolewa kwenye kipande cha wavu mkuukuu, ambao wavuvi wa Mbamba Bay wanao wa kutosha. Tanga lenyewe ni karatasi nyembamba iliyoloweshwa katika chai hafifu ili ipate rangi ya amerikani, ile pamba isiyosafishwa iliyokuwa nguo na fedha ya misafara ya karne ya 19, kisha hufungwa juu ya chupa hadi ikauke ikiwa imetuna. Kutuna huko kuelekee upande mmoja tu, nao ni upande ambao upepo unakwenda. Modeli nzuri nyingi zimeharibika kwa tanga linalojaa upepo wa kaskazi huku bendera ikipepea kwa kusi.

Kuhusu rangi, mazoea ya pwani yasihamishwe ziwani bila kufikiri. Majahazi ya baharini hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, yanayozipa mbao wekundu mzito wa udongo, na chini ya mstari wa maji hupakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa unaowazuia wadudu watoboao mbao. Ziwa Nyasa halina papa, na wadudu hao wa maji ya chumvi hawaishi katika maji baridi, kwa hiyo ule mstari mweupe chini ya ubavu, ambao wachoraji huupenda kwa uzuri wake, hauna sababu ya kuwapo hapa. Hoja hiyo haitokani na picha bali na mantiki ya kazi, na mchongaji anayeifuata atapaka kijivu cha mbao zilizochomwa na jua kilichochanganywa na kahawia kidogo. Hatua ni zilezile zinazotumika kwa modeli yoyote: rangi ya msingi nyeusi au kahawia iliyokolea, juu yake rangi ya mbao, kisha rangi iliyozimuliwa sana kwa maji ambayo hutiririka na kukaa katika mifereji kati ya mbao, na mwisho brashi iliyokaribia kukauka hupitishwa kwenye kingo ili zing'ae. Chombo kidogo hutakiwa kipakwe rangi nyepesi kidogo kuliko kile kikubwa, kwa kuwa jicho linalotazama modeli ya 1:300 kutoka nusu mita ni kana kwamba linatazama jahazi lililo mita 150 mbali, na hewa ya katikati hupunguza ukali wa rangi zote.

Meza nayo inahitaji rangi yake. Ukingo wa Ruvuma una maji angavu ambayo karibu na miamba huonyesha kijani, kisha ghafla, ndani ya hatua chache, huwa buluu ya kilindi, na mpaka huo mkali kati ya rangi mbili una kazi katika mchezo kwa sababu unaonyesha mahali ambapo meli yenye kina kirefu haipaswi kusogea. Plaiwudi hupakwa buluu, juu yake hubandikwa karatasi ya chooni kwa gundi ya mbao iliyozimuliwa na kukunjwakunjwa kwa vidole hadi iwe mawimbi, na baada ya kupakwa rangi tena humaliziwa kwa vanishi inayong'aa. Pamba iliyochambuliwa itumike kwa moshi wa meli, na inaweza pia kutumika kwa jambo ambalo maziwa mengi hayana: mawingu ya kungu, wale wadudu wadogo wanaoibuka majini kwa mamilioni na kupanda angani kama nguzo za moshi, ambao Livingstone aliwaandika na ambao kwa mtu aliye mbali hufanana na moshi wa nyasi zinazoungua. Kanuni inayomruhusu mchezaji mmoja kuweka nguzo mbili za pamba bila kueleza ipi ni meli na ipi ni kungu ni ya haki kabisa, tena ni ya hapa.

Hata hivyo moyo wa mchezo wa matanga ni upepo, na hapo ndipo chombo cha pwani kinapodai kanuni zake chenyewe. Kuanzia mwezi Aprili au Mei hadi Agosti ziwa hupigwa na upepo wa kusini-mashariki, ambao upande wa Malawi huitwa mwera, unaoweza kuinua mawimbi makubwa kwa siku kadhaa mfululizo. Nguvu za hali ya hewa ya ziwa hili si hadithi: Askofu Chauncy Maples, ambaye meli ya misioni ilikuja kupewa jina lake, alizama tarehe 2 Septemba 1895 mashua yake ilipopinduliwa na dhoruba. Manowari ya Ulaya yenye matanga ya mraba hupita katika upepo kwa kugeuza omo yake upande wa pili, lakini jahazi lenye foromali ndefu kwa kawaida hugeuka kwa kuupa upepo mgongo, tanga likiachiwa huku foromali na pembe yake ya chini vikipitishwa mbele ya mlingoti hadi ubavu mwingine, kazi inayotaka mikono mingi na nafasi pana ya maji. Kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya Trafalgar zikitumika bila kubadilishwa, jahazi litabisha, yaani litapanda upepo kwa mapindi ya kulia na kushoto, kwa wepesi ambao nahodha yeyote wa kweli angeushangaa. Kipimo kinachofaa ni hiki: zamu moja ya mchezo ihesabiwe kuwa dakika tatu; jahazi linalokwenda kilomita 9 kwa saa hupita mita 450 katika zamu hiyo, yaani sentimita 15 katika skeli ya maji ya 1:3000; na linapotaka kugeuka kwa kuupa upepo mgongo lipoteze zamu nzima likiwa linasukumwa kuelekea upepo uendako. Meli ya mvuke haina pingamizi hilo, na mchezaji anayeshika majahazi hujifunza upesi kwamba kinga yake pekee ni maji mafupi karibu na ufuko.

Pambano linalofaa zaidi kwa vyombo hivi lilitokea kusini, mbali kidogo na mipaka ya Ruvuma lakini katika ziwa lilelile. Mnamo Desemba 1891 Kapteni Cecil Maguire, aliyeongoza askari wa utawala mpya wa Kiingereza chini ya Harry Johnston, alikwenda na meli ya mvuke Domira kuyateketeza majahazi ya Makanjira, chifu wa Wayao kwenye ukingo wa kusini-mashariki. Upepo ukachafuka, Maguire akauawa, na Domira ikakwama ikiwa karibu na ufuko, chini ya risasi za watu wa Makanjira. Hapo jahazi halikuwa shabaha dhaifu tu: lilikuwa chambo kilichomvuta adui kwenye maji asiyoyajua. Mchezo huu lakini hauwezi kuandaliwa kwa moyo mwepesi. Majahazi hayo yalikuwa vyombo vya biashara ya watumwa, na mara nyingi ngama yake, yaani tumbo la kubebea shehena, ilijaa watu wa koo ambazo vizazi vyao vinaishi ziwani mpaka leo. Kuwageuza watu hao kuwa alama za ushindi ni kuwauza mara ya pili. Kanuni iliyo sawa ni ile inayomwambia mwenye mizinga kwamba jahazi lisilojulikana limebeba nini haliruhusiwi kupigwa kutoka mbali, ila kusogelewa na kupandwa, hata kama kufanya hivyo kunampotezea mchezo. Na mchongaji mwenye makini ataacha sitaha ya jahazi lake wazi, bila watu wadogo wa kuchonga, kwa sababu hakuna ukubwa wa sentimita nusu unaoweza kumwonyesha mtu aliyefungwa bila kumfanya pambo.

Liuli ndiyo inayoleta vita kwenye ukingo wa Ruvuma wenyewe. Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba unaosimama bandarini hapo, uliowakumbusha sanamu ya Misri yenye mwili wa simba, na hapo ndipo ilipokuwa meli yao ya mvuke Hermann von Wissmann katikati ya Agosti 1914, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwenye mteremko wa matengenezo. Meli ya Kiingereza Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades, ilitoka upande wa pili wa ziwa, ikafyatua mzinga kutoka karibu kilomita mbili na kuiharibu Wissmann, wakati nahodha wake Berndt, aliyekuwa akifahamiana vizuri na Rhoades, hakuwa na habari kwamba vita vimetangazwa. Magazeti ya London yalilisherehekea tukio hilo kama ushindi wa majini. Mtu akiliandaa mezani kwa uaminifu ataona mara moja kwamba upande wa Ujerumani hauna la kufanya, maana chombo chake hakiwezi kusogea hata sentimita moja, na kwamba maswali yenye uzito ni mengine: habari ya vita ilisafiri kwa njia gani, mwamba ule uliiziba bandari kwa pembe ipi, na Gwendolen ingeweza kukaribia kiasi gani bila kugusa mawe. Kwa sababu hiyo muda mwingi zaidi utumike kwenye mwamba wa Liuli kuliko kwenye mizinga. Huchongwa vizuri kwa jiwe jepesi au kwa kadibodi iliyopachikwa tabaka juu ya tabaka na kupakwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, kisha rangi ya kijivu yenye michirizi myeupe ya kinyesi cha ndege, na uwekwe kwanza mezani, kabla ya meli yoyote, kwa sababu kila kitu kingine hupimwa kutoka hapo.

Wissmann nayo ina sharti lake ambalo halimo katika modeli nyingine yoyote ya ziwa hili. Vyombo vyote hukatwa kwenye mstari wa maji, lakini chombo kilichokuwa nchi kavu lazima kionekane chote, mkuku, usukani, pangaboi na magogo yanayouegemeza ubavu, na rangi yake ya chini, ambayo katika maisha ya kawaida isingeonekana kamwe, ndiyo itakayotazamwa zaidi. Kwa vile picha za wakati huo hazina rangi, ni busara kutumia wekundu wa risasi uliofifia, wenye kutu na alama za mwani mkavu, badala ya wekundu unaong'aa wa chombo kipya. Waingereza walirudi Liuli Mei 1915 ili kuhakikisha kwamba meli hiyo haitengenezwi tena, na modeli ya nchi kavu inatumika kwa mchezo huo wa pili bila kubadilishwa, isipokuwa kwamba sasa askari wanashuka ufukoni na pambano linahamia kwenye mchanga na mashamba ya nyuma yake. Mwaka 1918, kwa kuwa ilielea tena na kupewa jina la King George V, mchongaji anahitaji modeli ya pili ya meli ileile, hii ikiwa imekatwa kwenye mstari wa maji kama zile nyingine, yenye bendera tofauti tezini na jina jipya lililoandikwa kwa brashi ya unywele mmoja juu ya lile la zamani, ambalo linaweza kuachwa lionekane kidogo chini ya rangi.